Kebo niliyoitengeneza inawasha taa zote nane za testa, lakini mtandao unakatika

Mjenzi_wa_Nyumbani anauliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaomba msaada katika jambo lililonishughulisha kwa wiki mbili bila kupata maelezo ya kuniridhisha. Niliamua kuacha kutegemea mawimbi ya hewani ndani ya nyumba na badala yake kupitisha kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba ninachofanyia kazi. Nilinunua boksi la kebo, mfuko wa plagi za RJ45 (zile za kwenye ncha za kebo ya mtandao), koleo la kubania, na testa ndogo yenye vipande viwili, ile inayowasha taa moja baada ya nyingine kuanzia ya kwanza hadi ya nane.

Hadi sasa nimetengeneza kebo tatu. Mbili ni fupi, hazizidi mita moja na nusu, na zinafanya kazi bila tatizo lolote ninaloliona. Ya tatu ina urefu wa mita 27 na inapita juu ya dari, na hiyo ndiyo inayonitesa. Nikiichomeka, taa ya swichi (kisanduku kinachogawa mtandao kwa kebo kadhaa) inawaka, na kompyuta wakati mwingine huonyesha kasi ya gigabiti 1. Baada ya dakika chache mawasiliano yanakatika kwa sekunde kadhaa, kisha yanarudi kwa megabiti 100, na hata katika kasi hiyo ya chini kazi ya kunakili faili kubwa husimama njiani.

Rangi nilizipanga kwa utaratibu ulio rahisi kukumbuka, yaani kila waya wenye mstari mweupe ukifuatwa na mwenzake: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, kijani, mweupe-buluu, buluu, mweupe-kahawia, kahawia. Nimehakikisha ncha zote mbili zinafanana kabisa, na testa inawasha taa zote nane kwa mfuatano. Plagi nimezikata na kubana mpya mara mbili, bila mabadiliko. Je, kebo yenyewe ni mbovu, au urefu umezidi? Na je, inafaa mtu asiye fundi kuendelea na kazi hii, hasa kwa kuwa ninakusudia baadaye kupeleka kebo nyingine ya mita 15 kwenye kamera itakayopokea umeme kupitia kebo hiyohiyo?

Jozi_Nne anajibu:

Ndugu, umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lako. Urefu hauna kosa. Kiwango kinachotumika kinaruhusu mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, ambazo kwa kawaida hugawanywa kuwa mita 90 za kebo iliyolazwa ukutani au darini na mita 10 za kebo fupi za kuunganishia pande zote mbili. Mita 27 ni chache. Kosa liko katika mpangilio wako wa rangi, ingawa ncha zote mbili zinafanana.

Inafaa kuanza na kebo yenyewe. Ukiichuna utaona nyaya nane, lakini kwa vifaa vyako hizo ni jozi nne, na kila jozi imesokotwa kwa sababu maalumu. Kifaa hakitumi ishara kwa waya mmoja. Hutuma kwa nyaya mbili kwa pamoja, volti ya mmoja ikipanda wakati ya mwenzake inashuka, na kifaa kinachopokea husoma tofauti iliyopo kati yao. Kelele ya umeme inayotoka nje, kwa kuwa nyaya hizo zimezungukana, huzipata zote mbili kwa kiasi karibu sawa, na tofauti inapochukuliwa kelele hiyo hujifuta. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta zetu, kwani Alexander Graham Bell alilipatia hataza Marekani mwaka 1881 kwa ajili ya nyaya za simu. Aidha, ukitazama kwa makini utaona kwamba jozi hazikusokotwa kwa msongamano ule ule. Nyingine zina mizunguko mingi zaidi kwa kila sentimita, ili jozi zilizolala pamoja ndani ya ganda moja zisivujiane ishara.

Sasa tazama plagi. Vifaa vya mtandao huhesabu jozi kwa namba za vijino, yaani vile vipande vinane vya chuma ndani ya plagi, hivi: 1 na 2 ni jozi, 3 na 6 ni jozi, 4 na 5 ni jozi, 7 na 8 ni jozi. Huo utaratibu wa 3 na 6 kuizunguka 4 na 5 humshangaza kila anayeuona mara ya kwanza. Umerithiwa kutoka kwenye plagi za simu, ambako laini ya kwanza ilikaa katikati na laini ya pili ikaizunguka kwa nje. Kwa mpangilio wako, kijino cha 3 kina mweupe-kijani na cha 6 kina buluu, yaani nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Na kijino cha 4 kina kijani huku cha 5 kikiwa na mweupe-buluu, nazo vilevile si mtu na mwenzake. Umepasua jozi mbili. Ishara inayosafiri kwenye 3 na 6 inavuja moja kwa moja hadi 4 na 5, kwa sababu kila waya wake umesokotwa na waya wa jozi nyingine kwa urefu wote wa mita 27.

Testa yako haina hila. Inajibu swali jingine. Inauliza tu kama kijino cha 1 huku kimefika kijino cha 1 kule, na hivyo hadi cha 8, na kwa swali hilo kebo yako imefaulu. Haiwezi kujua waya gani umesokotwa na upi. Kebo zako fupi nazo zina kasoro hiyohiyo, isipokuwa katika mita moja na nusu uvujaji haujapata nafasi ya kukua kiasi cha kuharibu mawasiliano.

Hata kule kuyumba kwa kasi kunaeleweka. Vifaa huanza kwa kupatana kasi kwa mapigo mepesi ambayo hupita hata kwenye kebo mbaya, ndiyo maana taa inawaka na kompyuta inakutangazia gigabiti 1. Kazi halisi inapoanza, gigabiti 1 hutumia jozi zote nne kwa wakati mmoja na pande zote mbili, kwa hiyo makosa yanajaa, na vifaa vingi hurudi kwenye megabiti 100, ambayo inahitaji jozi mbili tu, yaani 1-2 na 3-6. Kwa bahati mbaya 3-6 ni mojawapo ya zile ulizozipasua, na kwa hiyo hata huko chini hupati utulivu.

Mpangilio sahihi unaoitwa T568B ni huu: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Ukilinganisha na wako utaona kwamba kijani na buluu zimebadilishana nafasi, basi. Upo pia mpangilio wa T568A, ambao jozi ya kijani na ya chungwa zimebadilishana mahali. Kwa utendaji hakuna tofauti kati ya hizo mbili, ila chagua mmoja na uutumie nyumba nzima. Zamani kebo yenye A upande mmoja na B upande wa pili ilihitajika kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, lakini vifaa vya gigabiti hujirekebisha vyenyewe.

Kisu_na_Koleo anajibu:

Ninakubaliana na Jozi_Nne kwa yote aliyoyaeleza, nami nitaongeza upande wa mikono, kwa sababu mtu anaweza kuupata mpangilio sawasawa na bado akaiharibu kebo katika sentimita mbili za mwisho.

Chuna ganda la nje kiasi cha sentimita tatu, ukiliwekea kisu alama ya kuzunguka badala ya kulikata hadi ndani, kisha likunje kwenye alama hadi lipasuke lenyewe. Baada ya hapo kagua nyaya zote nane: ukiona hata mmoja umeguswa na kisu, kata ncha hiyo uanze upya, maana waya uliochanjwa hukatika miezi kadhaa baadaye pasipo mtu kuugusa. Fumua jozi, nyoosha nyaya kwa kuzivuta katikati ya vidole hadi zikae bapa, zipange, halafu zikate zote kwa mkato mmoja ulionyooka ili zibaki kama milimita 13. Kipimo hicho ndicho kikomo cha sehemu inayoruhusiwa kufumuliwa kwa kebo za daraja la 5e (madaraja ni viwango vya ubora wa kebo za mtandao), na kadiri unavyofumua kidogo ndivyo inavyokuwa bora zaidi.

Shika plagi ulimi wake ukiwa chini na tundu la kuingizia likikuelekea wewe; kijino cha 1 kitakuwa kushoto kwako. Sukuma nyaya hadi ukitazama uso wa mbele wa plagi uone nukta nane za shaba zikigusa ukuta. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hubana huku ganda la nje likiwa limeishia nje ya plagi. Ganda lazima liingie ndani, chini ya kile kibao ambacho koleo hukigandamiza, kwani hicho ndicho kinachobeba mvuto wa kebo. Pasipo hicho, kila mtu anayeivuta kebo anavuta vijino vyenyewe.

Jambo la pili ni aina ya plagi, na hapa naona maduka mengi hayamwambii mnunuzi chochote. Kebo ya kwenye boksi kwa kawaida ina uzi mmoja mnene katika kila waya, na imekusudiwa kulala mahali pamoja; kebo laini za kuunganishia zina nyuzi nyembamba nyingi katika kila waya, ili zivumilie kukunjwa. Vijino vya plagi ya kebo laini vimechongoka ili vichome katikati ya nyuzi, ilhali vya plagi ya kebo ya uzi mmoja vimegawanyika ili viukumbatie uzi mmoja kutoka pande mbili. Kijino kilichochongoka kikikutana na uzi mmoja mnene huteleza pembeni, na mguso huo hulegea. Kebo ya daraja la 6 nayo mara nyingi ina nyaya nene zaidi, ambazo hazitaki kuingia kwenye plagi ya 5e. Nunua plagi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kwa sababu hiyo, kebo ya darini mimi sibani plagi kabisa. Huimalizia kwenye soketi ya ukutani pande zote mbili, ambako nyaya husukumwa kwenye nafasi zenye rangi zilizochorwa tayari na hakuna haja ya kuzipanga kwa kubahatisha, kisha kutoka kwenye soketi hadi kifaa hutumia kebo fupi ya kiwandani. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi na ninaamini kwa dhati kwamba hiyo ndiyo njia inayodumu. Kebo fupi, ambazo mtu hudhani ndizo rahisi kujifunzia, ndizo zisizostahili muda wako, kwa kuwa kiwanda huzitengeneza kwa kebo laini na kuzifinyangia kinga shingoni.

Shaba_Tupu anajibu:

Nitagusia kamera, kwa kuwa hilo la umeme ndani ya kebo halijajibiwa na ndilo lenye hatari.

Kabla ya kupeleka umeme, hakikisha nyaya zako ni za shaba hadi ndani. Zipo kebo zinazouzwa kwa wingi ambazo waya wake ni alumini iliyopakwa shaba juu, na nyingine huandikwa daraja la 5e au la 6 ingawa viwango vya madaraja hayo vinataka shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo volti nyingi zaidi hupotea njiani, na kinachopotea hugeuka joto ndani ya kebo, hasa zikiwa nyingi zimefungwa pamoja. Tena hukatika upesi inapokunjwa, na mahali inapobanwa na kijino hulegea kadiri muda unavyopita.

Kuitambua si vigumu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, ni alumini. Kama una maltimita (kipimo cha umeme), unaweza kupata uhakika zaidi. Unganisha nyaya mbili za jozi moja kwenye ncha ya mbali, kisha pima ukinzani wa mzunguko mzima kwenye ncha ya karibu, ukitoa ukinzani wa nyaya za kipimo chenyewe. Kiwango kinaruhusu ohmu 9.38 kwa kila mita 100 za waya mmoja. Kebo yako ya mita 27, ambayo ni mita 54 kwenda na kurudi, haipaswi kuzidi ohmu 5.1 hivi, na ile ya mita 15 haipaswi kuzidi ohmu 2.8.

Umeme wenyewe, ukitoka kwenye swichi inayofuata kiwango cha IEEE (chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya mtandao), hautolewi hovyo. Swichi kwanza hupima kama upande wa pili kuna kifaa kinachouhitaji, ndipo itoe. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwenye swichi, na cha 2009 kinatoa hadi 30. Kamera nyingi za kawaida hutosheka na hicho cha kwanza. Jihadhari na vile visanduku vya bei nafuu vinavyosukuma umeme wakati wote bila kuuliza, maana ukichomeka kompyuta kwa makosa unaweza kuiunguza.

Kuhusu njia ya kebo, usiilaze sambamba na nyaya za umeme wa nyumba, na zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Nusu kipenyo cha kona zake kisipungue mara nne ya unene wa kebo, na usiivute kwa nguvu inayozidi nyutoni 110, ambayo ni kama uzito wa kilo 11. Sehemu itakayokuwa nje, hata chini ya mapaa, inahitaji kebo yenye ganda linalostahimili jua.

Mjenzi_wa_Nyumbani anarudi:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote, nami narudi na matokeo ili atakayekuja na swali kama langu asiondoke mikono mitupu.

Nilianza na lile la Jozi_Nne. Nilikata plagi za pande zote mbili za kebo ya mita 27, nikapanga kwa T568B, nikazingatia ganda liingie chini ya kibao kama alivyoagiza Kisu_na_Koleo. Testa ikawasha taa zilezile nane, kwa mfuatano uleule, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini kompyuta imekaa kwenye gigabiti 1 kwa siku nne mfululizo, na nilipoendesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya kompyuta mbili nilipata megabiti 941 kwa sekunde, na namba ya makosa kwenye kadi ya mtandao ikabaki sifuri. Nilizirekebisha vilevile zile kebo fupi mbili, ijapokuwa hazikuwa zikilalamika.

Kisha nikafanya kipimo cha Shaba_Tupu. Kebo ya darini ilisoma ohmu 4.6, na nilipoikwaruza ilikuwa nyekundu hadi ndani. Ile ya mita 15 niliyoitenga kwa ajili ya kamera inatoka kwenye bunda jingine nililopewa, nayo imesoma ohmu 3.9, na chini ya kisu ikaonyesha rangi ya fedha. Juu ya ganda lake imeandikwa daraja la 6. Sitaitumia. Swali langu la mwisho: je, kebo hiyo ya alumini ina kazi yoyote, na je, nikimaliza kebo ya shaba kwenye soketi upande wa kamera, soketi hiyo ikae nje?

Kisu_na_Koleo anajibu:

Ya alumini itumie kujifunzia kubana plagi na kusukuma nyaya kwenye soketi, kisha itupe. Usiilaze ukutani, kwa kuwa atakayekuja baada yako atayaamini maandishi ya kwenye ganda na kuipitishia umeme.

Upande wa kamera ndio mahali pekee ambapo mimi mwenyewe hubana plagi moja kwa moja kwenye kebo iliyolazwa, kwa sababu nafasi ni finyu na soketi iliyo nje huingiwa na unyevu. Pitisha kebo kwanza kwenye kifuniko cha mpira kinachokuja na kamera, ndipo ubane plagi, maana ukishabana haitapita tena kwenye tundu lake. Acha kitanzi kidogo cha kebo kinachoning'inia chini ya maungio, ili maji ya mvua yanayofuata kebo yadondoke pale na yasiingie kwenye plagi, na uache urefu wa ziada wa kutosha kubana plagi nyingine mara mbili au tatu bila kulazimika kuvuta kebo mpya.